Saa ya Shaame Haifuturishi Mtu

Zamani, kabla mambo hayajaharibika, Wambaa walikuwa wakifuturu kwa mkono wa Shaame. Kila jioni ya Ramadhani Himid muadhini alisimama mlangoni mwa msikiti, vidole karibu na masikio, macho kwa shemegi yake. Shaame alikaa barazani kaiinamia saa yake. Mkono wake ukipanda, Himid anaadhini na watu wanatia tende kinywani. Usipopanda, hata kama kiu imemkaba mtu roho, tende inabaki kwenye sahani. Hakuwa shehe wala mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuwa mzamiaji wa kombe na mvuvi wa pweza, lakini kwa jambo hilo moja neno lake lilikuwa halipingwi, naye alilionea fahari kupita kiasi.

Saa zilikuwa ugonjwa wake. Wenziwe walipopata fedha za msimu wa karafuu walinunua mabati au waliposa mke wa pili, yeye alinunua saa. Alikuwa nazo kwenye bati la biskuti, kila moja imefungiwa kitambaa chake: ya mfukoni yenye mnyororo, aliyouziwa na baharia mmoja pale Mkoani, ya kike, ndogo kama kifungo cha shati, ya mezani yenye kengele, ambayo ililia siku moja katikati ya khitma na watu wakacheka mbele ya wafiwa. Mkewe, Mwanapili, alikuwa akisema laiti saa zingekuwa zinakaangika, nyumba yao isingekosa kitoweo.

Lakini iliyokuwa roho yake ilikuwa ile ya kuzamia. Aliipata kwa Mzungu aliyekuja kupima vina vya bahari upande wa Mkoani, akamwajiri Shaame amwoneshe mikondo na miamba. Walizama pamoja msimu mzima, Mzungu na mipira yake na mitungi yake, Shaame na pumzi zake. Siku ya kuondoka, yule bwana aliivua saa mkononi akampa. Uso wa saa ile ulikuwa mweusi, namba zake ziling'aa kijani gizani, na pembeni ilikuwa na pete ya chuma inayozunguka. Maji hayakuingia ndani hata uizamishe wapi. Ilikuwa na aibu moja tu. Mzungu aliwahi kuigonga kwenye nanga, na tangu hapo ilikuwa inakimbia. Kila siku ilijiongezea kiasi cha mtu kunywa kikombe cha kahawa. Kwa Shaame hilo halikuwa tatizo. Isipokuwa mwezi wa Ramadhani, kila magharibi alisimama ufukweni akilitazama jua, na likizama tu aliirudisha mishale yote miwili juu, kwenye kumi na mbili, kwa hesabu ya kizamani ambayo siku huanza jua likichwa. Siku za mawingu, na jioni za Ramadhani akiwa barazani, alipiga hesabu ya kikombe chake cha kahawa kichwani na alikuwa hakosei.

Kisha zikaja siasa. Hakuna haja ya kutaja chama gani kilikuwa kipi, maana waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo watataka kuchagua upande. Itoshe kusema Wambaa karibu yote ilikuwa chama kimoja na Shaame alikuwa na kadi ya chama cha pili. Wala hakuwa mwanasiasa. Aliichukua kadi ile Chake Chake siku ya soko, kwa sababu aliyeigawa alikuwa msemaji mzuri na alimwita "mzee wangu" mbele za watu. Pengine angeisahau mfukoni. Lakini watu wa Wambaa walipokuja kumwambia airudishe, tena kwa ukali, akaing'ang'ania. Mtu mzima, alisema, havutwi kamba shingoni.

Baada ya uchaguzi wa Januari wakamsusia. Pweza wake hakununuliwa, salamu yake haikuitikiwa, na kisimani wanawake walimpisha Mwanapili kwa kumgeuzia mgongo. Siku chache kabla ya mwezi kuandama, Himid alikuja mpaka uani akasimama bila kukaa. Alikuwa kaka yake Mwanapili, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kuingia nyumba ile asile kitu.

"Shemegi," alisema, "watu wamekaa, wamesema. Saa yako haifuturishi ntu hapa mwaka huu."

"Jua limejiunga na chama gani, Himid?" Shaame aliuliza. "Maana mie nafuata jua."

"Mie nimetumwa tu. Na hii ndiyo mara ya mwisho mie na wewe kusemezana."

"Mama je? Nisende kumwamkia mama?"

Himid aligeuka akaondoka. Mama mwenyewe, Bi Mwanawema, mkwe wake Shaame, aliishi nyumba ya pili kutoka pale, kachoka kwa maradhi ya kifua. Alikuwa akisema kila mwaka kuwa hii ndiyo Ramadhani yake ya mwisho, na kila mwaka alikatazwa kufunga na akafunga.

Siku ya kwanza ya mwezi, Mwanapili alipika futari akapeleka sahani msikitini, kama kila nyumba ipelekavyo, wanaume wakae barazani wale pamoja. Sahani ilirudi imefunikwa kwa kawa lake vilevile, haikuonjwa hata punje. Iliwekwa kizingitini kama inavyowekwa ya paka. Mwanapili aliichukua akaingia nayo ndani, akakaa jikoni muda mrefu. Shaame aliiona ile sahani, na kuanzia siku ile kitu kilimvimba kifuani ambacho hakikushuka tena. Alikuwa amevumilia pweza na salamu. Chakula cha mkono wa mke wake kurudishwa, hilo hakulivumilia.

Jioni zile anga lilikuwa safi, Himid aliadhini kwa kulitazama jua, na hakuna aliyeihitaji saa. Shaame aliinua mkono wake uani kwake, peke yake, na Mwanapili akafuturu kwa mkono ule. Kaka zake walimtumia mjumbe arudi kwao, aachane na mtu aliyesusiwa. Aliwajibu kuwa alipoolewa hakuulizwa kadi.

Lakini chakula hakisubiri. Shaame alikuwa akibeba pweza kwa miguu mpaka Mkoani kutafuta mnunuzi asiyemjua, na siku nyingine alirudi nao wamenuka. Zile saa zikaanza kutoka kwenye bati la biskuti. Aliyeziuza ni Nyange, dalali wa Chake Chake, mtu mwenye koti la kijivu na maneno matamu, aliyekuwa akipita vijijini na baiskeli kukusanya vya kuuza. Ya mfukoni ilikwenda, ya kike ikafuata, na ya kengele iliondoka ikilia kwenye kikapu cha baiskeli. Ilipobaki moja ndani ya bati, na ndani ya pipa hamna mchele, Shaame aliivua mkononi mwenyewe. Mwanapili aligeuka akatazama upande mwingine, maana mumewe alikuwa akilia na hakutaka ajue kuwa ameonekana.

"Hii n'taitia kwenye bilauri ya maji," Nyange alisema macho yamemtoka. "N'tazunguka nayo soko zima. Watu watatoa macho, yakhe!"

"Sikiliza kwanza. Mali ina aibu, na aibu lazima itajwe, la sivyo fedha yake haramu kwangu. Saa hii inakimbia. Anayeinunua mwambie kila magharibi airudishe. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Hebu sema mwenyewe."

"Inakimbia, kila magharibi airudishe. Mzee Shaame, mie mtoto?"

Siku chache baadaye Nyange alirudi na gunia la mchele kwenye baiskeli na fedha kidogo juu yake. Alipoulizwa nani kanunua, alisema mnunuzi hapendi kutajwa. Shaame akauliza, "Ulimwambia?" Nyange akasema, "Kwani mie nani hata nisimwambie?" Akanywa maji, akakumbuka Ramadhani, akatema, akapanda baiskeli akaenda zake. Mtu anayeweza kusahau kuwa amefunga ndiye aliyepewa amana ile aikumbuke.

Mnunuzi alijulikana Ijumaa. Shaame alikuwa akipita njia ya msikitini, Himid akanyoosha mkono kufunga dirisha, na kwenye mkono uso mweusi wa saa ukaonekana. Watu wa msikiti walikuwa wamechangishana kuinunua. Kila mtu Wambaa aliijua saa ile ni ya nani, lakini ilikuwa imepita kwa dalali, tena wa Chake Chake, kwa hiyo kwao ilikuwa imeshatakasika. Saa ilirudi msikitini na mwenyewe akabaki njiani. Shaame alisikia uchungu. Hata hivyo, na hapa ndipo mtu unapomwonea huruma, alijipa tumaini: walau hawatofuturu ovyo. Pengine siku moja Himid atauliza jambo kuhusu saa, na swali litazaa salamu.

Himid hakuuliza. Kama ingekuwa ni mnunuzi wa kijiji kingine, wa Pujini, angekuja mwenyewe kumwuliza mwenye mali inavyotunzwa. Lakini Himid na Shaame, ambao ukikohoa kwa huyu unasikika kwa yule, walikuwa hawasemezani. Maneno yote ya biashara ile yalipanda baiskeli ya Nyange, na Nyange alikuwa ameona ukitaja aibu bei inashuka.

Masika yaliwahi mwaka ule. Mawingu yalifunga siku ileile Himid alipoivaa saa, yakakaa siku nenda rudi, jua lisionekane kuchwa wala kuchomoza. Sasa saa ndiyo ikawa imamu.

Kumi la mwisho la mwezi lilipoingia, jioni moja mvua ilikatika, Shaame akawa uani anasuka dema lake la kutegea samaki. Adhana ikalia. Aliinua kichwa. Kuku wa Mwanapili walikuwa bado wanachakura, hata mmoja hajakwenda kulala, na mwanga juu ya minazi haukuwa mwanga wa magharibi. Alipiga hesabu ya vikombe vyake vya kahawa tangu saa ilipomtoka mkononi. Nyange hakusema. Wanakula mchana.

"Subiri," alimwambia Mwanapili, ambaye tende ilikuwa imeshafika mdomoni.

"Si adhana hiyo?"

"Subiri kidogo tu, mke wangu."

Akatoka mbio. Alifika mpaka kwenye uchochoro wa msikiti, na kutoka pale aliwaona barazani, wamezunguka masinia, mikono inakwenda na kurudi, wanacheka. Alifungua kinywa. Kilichompitia machoni ni ile sahani, kawa juu yake, kizingitini. Akajiuliza nani atamwamini: watasema fitina, watasema siasa, watamfukuza kama mbwa na tende mkononi. Hayo yote yalikuwa kweli, lakini hayakuwa sababu. Sababu ni kwamba alitaka wapotelewe na kitu. Alifumba kinywa.

"Waache wale," alisema kwa sauti ndogo, akarudi nyumbani.

Alikaa na Mwanapili mpaka kuku wakapanda wote, ndipo akainua mkono usio na saa. Mwanapili alifuturu bila kuuliza. Alikuwa amezoea kumwamini katika hilo.

Kesho yake Shaame alikwenda Mkoani na pweza wake, akachelewa kurudi. Alikuwa anafuata ufukwe, miguu mizito, midomo imekauka, aliposikia adhana ya Himid kwa mbali. Papo hapo upande wa magharibi wingu lilipasuka, na chini yake jua likatokeza zima, jekundu, kimo cha mtu juu ya bahari. Liliumulika ufukwe mzima. Shaame alisimama na kikapu chake, akasikia adhana ikikatika katikati ya neno.

Alipofika kijijini watu walikuwa wamesimama nje, kila mmoja na kivuli chake kirefu nyuma yake. Mzee mmoja alikuwa anatia kidole kooni ajitapishe. Mwanapili alikuwa ameketi uani kwake, kikombe cha uji mbele yake kimefika nusu, kokwa ya tende kiganjani, na jua linampiga usoni. Kutoka nyumba ya pili kilisikika kilio cha Bi Mwanawema, kilio kidogo cha mtu asiye na pumzi.

Shehe alitoa neno usiku uleule: kila aliyekula alipe siku ile baada ya Idi, na siku zote za mawingu wazilipe kwa tahadhari. Kwa mwenye afya ilikuwa usumbufu. Bi Mwanawema aliuliza atazilipa kwa uhai wa nani.

Asubuhi walikuja uani kwa Shaame, wanaume wengi, Himid mbele na Nyange nyuma kaletwa kutoka Chake. Himid aliishika saa kwa ncha za vidole.

"Umetuuzia saa mbovu, Shaame," alisema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwake tangu mwezi kuandama. "Ulijua sisi ndio tutakaoinunua. Umetutegea."

"Nilimwambia Nyange. Inakimbia, kila magharibi irudishwe. Nyange, sema!"

Nyange alitazama gurudumu la baiskeli yake. "Mie maneno hayo siyakumbuki," alisema.

"Huyakumbuki? Nilikusemesha kwa mdomo wako!"

"Siku nyingi, mzee wangu. Siyakumbuki."

Walimwamini Nyange, kwa sababu Nyange hakuwa na chama, au kila kijiji alikuwa na chama cha hapo. Mali yenye aibu iliyofichwa hurudi kwa mwenyewe, wakasema, na thamani yake hurudi pia. Fedha ilikuwa imeshaliwa. Wakaingia ndani wakatoa gunia la mchele lililobakia nusu, Himid akiwa ameshika upande mmoja, na dada yake kasimama mlangoni anamtazama. Saa Himid aliiacha kizingitini, palepale ilipowekwa ile sahani.

Shaame alimgeukia mkewe akitaraji neno la kumtetea kama siku zote. Mwanapili alikuwa ameshachukua mtungi kwenda kisimani.

Jioni ile hapakuwa na wingu hata moja. Shaame aliteremka ufukweni, akalitazama jua mpaka likamezwa, akairudisha mishale juu, akapanda upesi kuja nyumbani. Pamoja na yote, kuwa nayo tena mkononi kulimfurahisha, na aliona haya kwa furaha ile. Mwanapili alikuwa mkekani, sahani ya muhogo mbele yake, tende kiganjani. Msikitini kimya. Sasa hawakuwa na saa na hawakuyaamini tena macho yao. Walikuwa wanangoja mpaka giza lifunge kabisa.

Shaame alikaa, akainua mkono.

Mwanapili aliutazama ule mkono. Tende ilibaki palepale.

"Limekuchwa," Shaame alisema. "Nimeliona kwa macho yangu. Futuru."

"Juzi uliniambia nisubiri."

"Ndiyo."

"Kuku walikuwa nje. Adhana imelia, ukaniambia nisubiri, ukatoka mbio. N'kajua umekwenda kuwaambia." Alikuwa anasema polepole, bila kumtazama. "Ulikwenda kuwaambia, bwana?"

Angeweza kusema hawangemsikiliza. Angeweza kuitaja sahani, na Nyange, na kisima, na pweza walionuka njiani. Yote aliyapanga mdomoni na yote yalikuwa kweli. "Nilifika uchochoroni," alisema.

"Kisha?"

"Nikarudi."

Mwanapili aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu aliyokuwa anaijua. "Jana hukuwepo kuniambia nisubiri," alisema. "Na mama hakuwa na wa kumwambia hata hiyo juzi. Wale walikususia wewe. Mama alikukosea nini?"

Mkono wa Shaame ulikuwa bado juu, ameusahau, na saa inapiga kwenye kifundo chake, sahihi kuliko ilivyowahi kuwa.

"Futuru, Mwanapili. Wallahi limekuchwa."

"Nakusikia," alisema. "Nangoja adhana."

Akangoja. Giza liliingia uani, kuku wakapanda wote, namba za saa zikaanza kung'aa kijani. Shaame aliteremsha mkono, akachukua tende moja, akafuturu peke yake kwa wakati wake, na tende ile haikuwa na utamu wowote. Ilichukua muda mrefu mpaka sauti ya Himid ikapanda kutoka msikitini. Ndipo Mwanapili alipopiga bismillahi, akala.